Mgeni wa Wati Moja na Nusu

Veneranda alikishika kitambaa kwa ncha za vidole, pembe mbili za mbele kwanza, kisha mbili za nyuma, akakiinua taratibu kama anayefunua unga uliolazwa uumuke. Hakutaka kugusa kitu kingine chochote. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake: badiliko moja, kusubiri, kusoma. Kipima wati kilichochomekwa ukutani kilionyesha 14.7.

"Umemvua nguo," sauti ya mumewe ilisema kutoka jikoni. "Mchana kweupe! Jirani atasemaje?"

"Ndiyo maana alikuwa anatoka jasho," Veneranda akajibu.

Kitambaa kilikuwa cheupe, cha kufumwa kwa uzi, na maua manne kwenye pembe. Hakukuwa na sebule Ilembuka isiyo na vitambaa vya namna hiyo. Vilifunika redio, chupa ya chai, migongo ya makochi. Seva zilipoanza kuingia majumbani, kila familia na yake, hakuna aliyeuliza. Zilivalishwa siku ileile zilipofika. Kitu cha thamani hufunikwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba kisanduku kile huvuta hewa kwa matundu ya juu, na hii ya kwake ilikuwa imepumua kupitia pamba kwa zaidi ya miaka minne, feni yake ikilia usiku na mchana.

Alisubiri. Feni ilishuka sauti, ikasitasita, ikanyamaza. Ilipotimu saa tisa na nusu alasiri kipimo kilisoma 12.6.

Alichukua chaki akaandika namba hiyo nyuma ya mlango wa kabati, chini ya nyingine. Ya juu kabisa ilikuwa 47. Kila namba iliyofuata alikuwa ameitafuta kwa mikono yake. Alianza kwa kutoa pawa saplai ya zamani, kubwa kupita kiasi, iliyopoteza nusu ya umeme kwa joto tu, akaiunga seva moja kwa moja kwenye waya wa volti kumi na mbili unaotoka kwenye turubini ya mtoni. Diski mbili zilizokuwa zikizunguka bila kuulizwa kitu, alizifundisha kulala. Kadi ya picha isiyo na kazi aliing'oa, na kasi ya prosesa, ubongo wa seva, akaipunguza. Hakuna aliyemfundisha. Miaka ishirini alikuwa amenoa misumeno kwenye kiwanda cha mbao, jino moja moja, na hivyo ndivyo alivyoisoma seva.

"Ngapi?" Tito aliuliza, akiingia na viazi viwili mkononi. Mdomo wake ulicheza, lakini sauti ilitoka kwenye spika ndogo iliyokuwa kwenye mfuko wa shati.

"Kumi na mbili nukta sita."

"Kutoka arobaini na saba! Mwanamke, kama ungekuwa mnadani ningekunadi kwa fahari kuu."

"Usininadi bado. Ukomo ni kumi na mbili."

Alitabasamu kidogo alipokuwa akisema hivyo, kisha akaacha.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kimeubana mto. Turubini ilitoa nusu ya kawaida, na kamati ya umeme ya kata ikagawa kilichopatikana: kila seva wati kumi na mbili, si zaidi. Mita ya mlangoni ingeanza kuhesabu saa kumi na mbili jioni ile hadi asubuhi, na mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Luvanda wa nyumba ya jirani, angekuja kusoma wastani. Nyumba itakayozidi, seva yake ingewashwa kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa mbili jioni tu mpaka mvua zirudi. Kwa nyumba nyingine huo ulikuwa usumbufu. Barua zingechelewa, picha zingesubiri. Kwa nyumba hii ilimaanisha Tito Mgaya angekuwa na saa nne za kusema kila siku, na zilizobaki angekuwa bubu.

Tito alikuwa mnadi wa mnada wa Ilembuka kwa miaka ishirini na saba. Miaka mitatu iliyopita daktari alimtoa koromeo ili kumwondolea saratani. Sasa alivaa ukanda shingoni uliosoma misuli ya koo na ulimi. Ukanda ulipeleka habari kwenye seva, na seva ikazigeuza maneno papo hapo, kwa sauti yake mwenyewe, iliyojifunza kutoka rekodi za mnada ambazo watu walizichangia kutoka kwenye simu zao. Ndani ya rekodi zile mlikuwa na kelele za kuku na vicheko, na Veneranda aliamini kwamba hata vicheko vile seva ilikuwa imejifunza.

"Ipo njia," Tito alisema, akiketi. "Unaijua. Ile sauti ndogo."

Veneranda alikuwa akiijua tangu jana. Hakupenda kuitaja, lakini alikuwa mtu wa kupima kabla ya kukataa. Aliketi kwenye kibodi, akaiweka pembeni sauti kubwa, ile ya Tito ya mnadani, na kuiamsha ile ndogo iliyokuja na ukanda kutoka kiwandani. Kipimo kilishuka hadi 11.5.

"Sema kitu."

"Viazi vimeiva," spika ilisema. Ilikuwa sauti ya mtu asiye na umri, aliyezaliwa mahali pasipojulikana. Tito mwenyewe alishtuka. Kisha mabega yake yakatikisika kwa kicheko, na spika ikasema kwa upole uleule, "Sasa nimekuwa mashine ya foleni hospitalini. Mgonjwa namba thelathini na moja, chumba namba nne."

Veneranda alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa khanga, na kicheko kilipoisha aliendelea kujifuta.

"Maneno ni yaleyale, Mama Lutengano," spika ilisema. "Ni mpaka mvua tu."

"Maneno ni yako. Anayeyasema simjui."

Akairudisha sauti kubwa. 12.6.

*

Kwenye kiwanda cha mbao walimfundisha kusikiliza mashine kwa bisibisi. Ncha unaiweka kwenye chuma, mpini unaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Feni ilipokuwa ikilia hakuweza kusikia kitu kingine. Sasa seva ilikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu ifike, kwa hiyo alipiga magoti akaweka bisibisi kwenye ubavu wake.

Prosesa isiyo na kazi hulala, tena kwa hatua. Kwanza husinzia, kisha hulala, kisha huzama usingizi mzito ambamo karibu haili chochote. Lakini ukiigusa, hata kwa jambo dogo, huamka nzima. Veneranda alitarajia kimya. Alisikia mvumo mwembamba, kama mbu ndani ya chupa. Kuna kitu kilikuwa kikiiamsha, bila kupumzika.

"Tito, usiseme kitu kwa dakika moja."

Tito aliinua mikono juu kama aliyekamatwa. Mvumo uliendelea. Kumbe si sauti yake.

Aliifungua orodha ya programu na kuipitia mstari kwa mstari. Zote alizijua, kasoro moja aliyokuwa ameiruka siku zote akidhani ni ya mfumo wenyewe. Iliitwa *mgeni*. Iliiamsha prosesa mara arobaini kila sekunde, ikala wati moja na nusu.

"Huyu mgeni ni nani?" alijiuliza kwa sauti.

Nyuma yake kiti kililia. Alipogeuka, Tito alikuwa amesimama akiangalia dirishani, kuelekea nyumba ya jirani.

"Tito?"

"Ni Mwalimu," alisema.

Veneranda hakumharakisha. Alivuta kiti kingine.

"Unakumbuka ile radi ya mwezi wa tatu?" Tito alianza, na kwa kuwa alikuwa na wasiwasi maneno yalimtoka mbio, kama mnadani. "Mwaka ule Mama Luvanda amelazwa Njombe. Mwalimu aliniachia funguo nimlishie kuku. Naingia, kisanduku chake kinanuka, nafungua, ubao umekuwa mkaa. Diski nzima, kioo cha kusomea kizima, taa nzima, ubongo ndiyo hamna. Na wewe unajua mle ndani mna nini."

Alijua. Kata nzima ilijua. Mwalimu Luvanda alikuwa akipima mvua kila asubuhi tangu ujana wake, na kina cha mto pia. Namba zile ndizo zilizosema kila jioni turubini itatoa umeme kiasi gani kesho yake, na kila nyumba ipate ngapi.

"Fundi wa redio wa pale mnadani akanisaidia. Tukaleta diski hapa, tukaipachika humu. Kile kioo cha kwake tukakiunga kwa mawimbi. Anachokiona pale kinachorwa hapa kwetu. Nikasema akirudi tu namwambia. Akarudi na jeneza la mkewe. Unamwambiaje mtu huyo kwamba na mvua zake zimeungua? Nikasema kesho. Kila siku kesho. Halafu koo langu likaanza."

"Miaka minne."

"Miaka minne."

Veneranda aliangalia namba zake za chaki. Kila mkutano wa kata Mwalimu alisimama, miaka sabini na minne, mgongo umenyooka, akasema, "Kisanduku changu kinafanya kazi ya kata nzima kwa wati tatu! Nyie vijana mnashindwaje?" Na watu walimpigia makofi, yeye Veneranda wa kwanza. Wati tatu zile ndizo zilizomfanya aanze. Miezi miwili alikuwa akijiuliza ni maarifa gani mzee yule anayo ambayo yeye hajayafikia. Kumbe alikuwa akishindana na taa na kioo.

Alisubiri hasira ije. Haikuja. Kilichokuja ni kuwaona wote wawili kwa pamoja, mmoja amesimama kwa fahari mbele ya watu, mwingine amenyamaza kwa huruma nyuma ya ua.

"Izime," Tito alisema. "Kioo kitakuwa cheusi, atasema kimekufa kwa uzee. Hakuna atakayejua."

"Mgao wa kesho utahesabiwa na nani?"

"Basi niwekee ile ndogo. Nimeikosea mimi, nitaibeba mimi."

Kidole cha Veneranda kilikuwa juu ya kibodi. Kuzima kungechukua muda wa kupepesa jicho, na namba ingeshuka, na angeiandika kwenye mlango pamoja na nyingine. Hilo ndilo lililomzuia. Zile nyingine zote aliweza kumweleza mtu yeyote jinsi alivyozipata. Hii asingeweza. Na kumwambia Mwalimu ukweli, saa chache kabla ya kipimo, kungekuwa kama kumwambia, bomoka wewe ili mume wangu aseme.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Mwalimu mlangoni, na hiyo ilikuwa desturi yake. Siku moja kabla ya kusoma mita alipita nyumba kwa nyumba kukumbusha, ili asije akaambiwa amevizia watu.

*

"Karibu, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, Mama Lutengano. Mgaya, hujambo?"

"Sijambo, Mwalimu, shikamoo," Tito alisema, akiinamia viazi vyake.

Mwalimu Luvanda aliingia na koti lake la kijivu, penseli kwenye mfuko wa juu kama siku zote. Alifungua mdomo kukumbusha, kisha macho yake yakatua juu ya seva.

"Kitambaa cha mke wangu kiko wapi?"

Veneranda alikitoa kabatini, kimekunjwa. "Hiki hapa, Mwalimu. Nimeona leo tu. Kilikuwa kinaiziba pumzi."

Alikipokea kwa mikono miwili. "Wati ngapi?"

"Mbili nukta moja."

"Alikuwa anabana uzi mno," Mwalimu alisema. "Nilimwambia, legeza kidogo. Akaniambia kitambaa kilicholegea ni chandarua." Alicheka kwa pua. "Wati mbili! Angekataa kuamini."

"Mwalimu, keti kidogo. Kuna jambo la kisanduku chako."

Alimweleza kama alivyokuwa akieleza msumeno ulioharibika, bila kupamba. Alianza na mvumo, akafuata na mgeni, kisha kioo kinachochorwa kutoka hapa. Radi hakuitaja, aliona hiyo si yake kuisema. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, uso haubadiliki.

"Onyesha," alisema.

"Nenda usimame kwenye ua, ukiangalie kioo chako kupitia dirishani. Nitaizima mpaka uhesabu kumi."

Mzee alitoka. Veneranda alimwona akifika kwenye ua na kuinua uso. Akaisimamisha mgeni. Kimya kikaingia chumbani, na namba ukutani ikashuka: 12.0, 11.6, 11.1. Alihesabu hadi kumi, akaiwasha tena. Mwalimu hakurudi mara moja. Alibaki amesimama na kitambaa mkononi, akiangalia sebule yake mwenyewe kama anayechungulia kwa watu.

Aliporudi hakuketi. "Tangu lini?"

Veneranda alimwangalia mumewe. Tito aliweka kisu chini, akasema yote, kuku, harufu, diski, jeneza. Safari hii hakukimbiza maneno. Ilikuwa sauti ileile iliyowahi kunadi magunia na mbuzi mbele ya uwanja mzima, na sasa ilikuwa ndogo, ikikwama pale mtu anapokwama. Veneranda alijua ile sauti ndogo ya kiwandani isingeweza kukwama namna ile.

"Miaka minne nasimama mkutanoni nasema wati tatu," Mwalimu alisema.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Ungeniambia, Mgaya. Ningelia mara moja nikamaliza." Alipumua. "Nitakusamehe. Si leo. Leo kuna kazi." Akamgeukia Veneranda. "Mvua zangu zenyewe zinakula ngapi?"

"Hazili kitu. Hesabu inafanyika mara moja kwa saa, huwezi hata kuipima. Kinachokula ni kile kioo. Kinachorwa upya mara arobaini kwa sekunde, hata kama hakuna mtu sebuleni."

"Ili kionekane kizima."

"Ndiyo, Mwalimu."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mbele ya jibu sahihi lililotoka kwa mwanafunzi ambaye hakumtarajia. "Zima."

"Kioo na hesabu viko ndani ya programu moja. Kuvitenganisha nitahitaji siku nzima kesho. Nikizima sasa, mgao wa kesho..."

"Mama Lutengano. Kabla ya kisanduku nilikuwa nahesabu kwa nini? Kwa meno?" Alichomoa penseli. "Zima. Kisha nisomee namba za mto za siku kumi na nne, na mvua za miezi mitatu. Na daftari, kama mnalo."

Walikuwa nalo. Saa kumi na moja na robo Veneranda aliisimamisha mgeni mara ya pili, akasoma namba kutoka kwenye diski moja baada ya nyingine, na Mwalimu akaziandika katika safu zilizonyooka kana kwamba zimepigwa rula. Alihesabu kwa midomo. Mara mbili alimrudisha, "Rudia hiyo ya tarehe tisa," na mara ya pili ilikuwa kweli amesoma vibaya.

"Bado una jicho, Mwalimu," alisema.

"Na wewe una sikio. Kunoa misumeno!" Aliangalia namba za chaki kwenye mlango wa kabati, kutoka juu hadi chini, bila haraka. "Hizi zote zako?"

"Zote."

"Kesho mkutanoni utazieleza moja moja. Mimi nitaanza na yangu. Nyumba ya Luvanda, wati tatu, kazi hakuna."

"Si lazima useme hivyo, Mwalimu."

"Nimewafundisha nusu ya kata hii kuandika jibu lililopatikana, siyo lile wanalolitaka. Nitasema."

Saa kumi na mbili ilipogonga, mita ya mlangoni iliwasha taa yake ya kijani na kuanza kuhesabu. 11.1. Feni ilikuwa kimya. Tito aliangalia taa ile, akaangalia mkono wa mzee ukitembea kwenye karatasi, na alishindwa kujizuia.

"Mabibi na mabwana!" sauti ikajaa chumba, nzima, na uwanja wote wa mnada ndani yake. "Penseli hii hapa! Haina feni! Haina diski! Radi haiiwezi! Inakula wati ngapi? Sifuri! Nani anaanza, yule mama wa nyuma, nimekuona, usijikune kichwa ukanunua bila kujua—"

"Mgaya, nitakosea kujumlisha!" Mwalimu alifoka, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Veneranda aliinama akajifanya anatafuta chaki. Ilimbidi asubiri kidogo kabla ya kuweza kuiona vizuri namba aliyokuwa akiiandika. Chini yake aliacha nafasi.

Kabla ya giza Mwalimu alivuka ua, akarudi amebeba kisanduku chake kifuani. Veneranda alikiweka mezani, akafungua skrubu sita na kuzipanga kwenye kifuniko cha ndoo kwa mpangilio zilivyotoka. Ubao ulikuwa mweusi kweli, na mjusi alikuwa ametaga kwenye kona. Lakini njia za umeme za upande mmoja zilionekana kuwa hai. Aliweka bisibisi chini.

"Hapa kuna kazi," alisema. "Siyo ya leo."

"Na mimi zimebaki safu tatu," Mwalimu alisema, akifunga daftari. "Nitazimaliza kesho alfajiri kabla ya kutangaza."

Alisimama kuondoka, akakumbuka kitambaa kilichokuwa bado kwenye mfuko wa koti lake. Alikitazama, akakikunjua, akakitandaza juu ya kisanduku kilichofunguliwa, akanyoosha pembe nne moja moja mpaka maua yote yakakaa sawa.

"Kisanduku hiki bado hakipumui," alisema. "Kisiingie vumbi. Asubuhi utakifunua."